Wiki ya Usemi wa Taarifa

Jumatatu ile Madamu aliingia darasani na vipande viwili vya chaki kiganjani, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole, akatuambia hicho ndicho alichogawiwa kwa wiki nzima. Yeye angeandika kidogo na sisi tungesikiliza sana. Kisha akageukia ubao na kuandika kichwa cha somo la Kiingereza kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake: usemi halisi na usemi wa taarifa.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa kwenye mteremko wa Old Kampala. Wanajeshi walikuwa wameshatawala miaka kadhaa. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, na mwalimu wetu wa kwanza wa Kiingereza aliondoka nao, akaacha sanduku la vitabu kumi vya hadithi kwa darasa la wanafunzi thelathini na wanne. Maduka ya chini ya shule yalikuwa mikononi mwa mafutamingi, ndivyo tulivyowaita waliogawiwa mali ya Wahindi, na rafu zake zilikuwa tupu. Sabuni tulikata kipande kwa uzi, tukagawana na jirani. Katika hali hiyo ndipo Madamu alipokuja. Alikuwa mwanamke wa Toro, magharibi ya nchi, mwembamba, mwenye nguo mbili za kazi na viatu vilivyotiwa kiraka kwa ustadi, na aliongea Kiingereza taratibu, neno moja moja, kama mtu anayechagua mchele.

Mimi ni Mnubi. Lazima nieleze maana yake katika miaka ile. Mababu zetu waliletwa Uganda na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakaachwa hapa, na sisi tukazaliwa hapa. Wanaume wetu walikuwa madereva, wachuuzi, mafundi. Mama zetu walisuka tabaga, yaani kawa za rangi za kufunikia chakula. Lakini wakubwa wa jeshi walitupenda, au watu walisema walitupenda, na baadhi ya watu wetu walipanda vyeo kwa mapendo hayo. Nyumbani tuliongea Kinubi na Kiswahili. Kampala nzima Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu anayekuambia ushuke kwenye gari. Baba yangu hakuwahi kuvaa sare hata siku moja. Alikuwa fundi wa springi za malori kule Kisenyi, na nyundo yake ilisikika tangu asubuhi. Lakini shuleni walinisikia nikiongea Kiswahili, wakanihukumu kwa hicho.

Kwa miaka miwili nilikaa dawati moja na msichana mmoja kutoka kwenye maghorofa ya Bugolobi. Tulikuwa tukigawana kabalagala, andazi la ndizi, wakati wa mapumziko, yeye nusu, mimi nusu, na alinifundisha hesabu ambazo sikuziweza. Baba yake alikuwa karani wa benki mjini. Wiki tatu kabla ya Jumatatu ninayoisimulia, mchana wa jua kali, watu wa usalama walimsimamisha nje ya ofisi yake, wakamtia kwenye buti ya gari na kuondoka. Wapita njia walitazama. Siku iliyofuata rafiki yangu alikuja shule, akachukua mfuko wake kwenye dawati letu bila kunitazama, akahamia safu ya dirishani. Nikabaki peke yangu kwenye dawati la watu wawili.

Basi Madamu akaeleza. Usemi halisi ni maneno yenyewe ya mtu, kama yalivyotoka kinywani mwake, ndani ya alama za kunukuu. Usemi wa taarifa ni maneno hayo hayo yakisimuliwa na mtu mwingine. Hapo alama zinaondoka. "Mimi" inakuwa "yeye". "Hapa" inakuwa "pale", "leo" inakuwa "siku ile", na kwa Kiingereza hata kitenzi kinarudi nyuma hatua moja.

"Zoezi," akasema. "Andikeni mazungumzo mafupi mliyoyasikia nyumbani, kisha myageuze yawe taarifa."

Hakuna kalamu iliyosogea. Nadhani hata yeye alitambua alichokiomba mara tu kilipomtoka. Nani angeandika yaliyosemwa kwao, katika mwaka ule? Watu walizima redio kabla ya kuongea, au waliifungulia sauti kubwa zaidi.

Ndipo sauti ikatoka safu ya dirishani. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu.

"Madamu, yule hahitaji zoezi. Kwao wanapeleka taarifa kila siku."

Darasa lilicheka. Kisha likanyamaza ghafla, kila mmoja akiogopa kicheko chake mwenyewe. Nilimtazama Madamu, nikitaka amchape, nikitaka amtoe nje.

"Simama," Madamu alimwambia. Akasimama. "Umesema sentensi ya usemi halisi. Igeuze."

Rafiki yangu akaigeuza. Kwamba yeye alikuwa amesema kwamba yule hakuhitaji zoezi, kwamba kwao walikuwa wakipeleka taarifa kila siku. Aliigeuza bila kosa. Alikuwa hodari siku zote.

"Sahihi," Madamu akasema. "Na sisi sote tumesikia ni nani aliyesema. Kaa." Akatugeukia sisi wengine. "Kama mazungumzo ya nyumbani ni mazito, andikeni ya sokoni."

Niliandika kuhusu mama yangu na muuza chumvi. Niliandika kwa nguvu mpaka nibu ikatoboa karatasi. Niliporudi nyumbani sikumwambia mtu. Lakini nilijiapia jambo moja: sitahama dawati, sitainamisha kichwa, na sitaacha kuongea Kiswahili kwa sababu wengine wamekichafua.

Jumanne ilikuwa zamu ya fasihi. Vitabu kumi viligawanywa, watatu au wanne kwa kitabu kimoja, na wenzangu waliponipita bila kukaa nami Madamu alileta nakala yake mwenyewe, akaiweka mbele yangu bila kusema neno. Ilikuwa na maandishi yake ya penseli pembezoni.

Hadithi tuliyosoma ilikuwa ya mji mdogo wenye hakimu mmoja. Hakimu anatamani kiwanja cha mfinyanzi. Anadai kwamba mfinyanzi amehamisha jiwe la mpaka, na anamwita mjane anayekaa jirani aje aape kwamba alimwona. Mjane anasimama mbele ya watu na kusema kwamba jiwe aliliona, lakini mkono uliolihamisha hakuuona. Hakimu anapandwa na hasira, anampa mjane siku tatu afikirie upya. Hapo ndipo kengele ilikuwa karibu kulia.

"Mjane hajamtukana hakimu," Madamu akasema. "Hajamwita mwongo. Kwa nini basi hakimu amekasirika hivyo?"

Watu walitazama madawati. Mimi nilikuwa bado na hasira ya jana, na hasira hiyo ndiyo iliyoninyanyua.

"Kwa sababu anaogopa, Madamu. Asiyeogopa hana haja ya shahidi wa uongo."

Madamu akageuka, akachukua kile kipande cha chaki kilichobaki na kuandika ubaoni: hakimu anaogopa. Akapigia mstari. "Nakilini," akasema, na darasa zima likanakili.

Nilitoka siku hiyo nikitembea kama mtu aliyeshinda mbio. Nilishuka mteremko mpaka Kisenyi nikijisemea sentensi yangu kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kinubi, nione ni wapi inapendeza zaidi.

Jumatano asubuhi mkuu wa shule alimwita Madamu nje katikati ya somo. Alikuwa mtu wa Buganda, mnene, mpole, mwenye watoto wengi, na katika miaka ile alikuwa amejifunza kutembea karibu na ukuta. Tuliwaona kupitia mlango, yeye akiongea kwa mikono, Madamu akiwa ameikunja yake. Aliporudi hakukaa.

"Nimeambiwa tuiache hadithi ya hakimu," alisema. "Tuendelee na sarufi peke yake. Nimeambiwa pia kwamba kuna mtu ametoa taarifa mahali fulani kwamba mimi nimefundisha kwamba wakubwa ni waoga."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza vitenzi. Kisha akafungua daftari lake na kuuliza nani anakumbuka "kesho" inageukaje.

Vichwa thelathini na vitatu viligeuka kunitazama mimi.

Ningeweza kulia. Nashukuru kwamba sikulia. Nilinyoosha mkono na kujibu: "kesho" inakuwa "siku iliyofuata". Madamu akasema sahihi.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alikuja pale nilipokaa kwenye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza kunikaribia tangu ahame.

"Umefurahi sasa?" akauliza. "Watamchukua naye."

"Si mimi."

"Nani basi? Mimi? Mimi ndiye nitakayekwenda kuwapigia saluti wale watu?"

"Nimekuambia si mimi. Na ile sentensi niliisema mwenyewe, unasikia? Niliisema mimi. Nijipelekee taarifa mwenyewe?"

Alinitazama kwa macho makavu. Naamini kwamba kwa kitambo kidogo alipima neno langu. Kisha akasema, "Ninyi hamuogopi kitu," akaenda zake.

Mpaka leo sijui nani alipeleka yale maneno. Niliwahi kumshuku kila mtu, hata mkuu mwenyewe, hata mwanafunzi mmoja wa mbele aliyekuwa na saa mpya. Baadaye niliacha kushuku, maana kushuku kulinifanya niwaangalie watu kama wao walivyoniangalia mimi.

Alhamisi, saa nne hivi, gari lilisimama uani. Akashuka mwanamume mmoja, kijana bado, suruali pana chini, shati la maua, viatu vya kisigino kirefu. Hakuwa na sare. Hakuwa na haja nayo. Mkuu alimtangulia mpaka darasani kwetu akitembea kinyumenyume, na kwa hofu yake Kiswahili chote alichokuwa nacho kikamchanganyikia.

"Karibu afande, karibu. Hapa sisi watu ya amani tu. Hakuna mubaya rorote."

Yule mtu hakumjibu. Alipita katikati ya madawati, akasimama mbele, karibu na Madamu lakini bila kumtazama.

"Nani hapa najua Kiswahili?"

Wote walikijua kidogo. Kila mtu Kampala alijua cha kutosha kushuka kwenye gari. Lakini vichwa viliinama vyote. Changu hakikuinama, kwa kuwa nilikuwa nimeshaapa.

"Wewe. Njoo."

Nikaenda mbele. Kile kitabu cha Madamu, nilichokuwa sijamrudishia, kilikuwa mkononi. Akaangaza macho darasani, akachagua safu ya dirishani, akamwonyesha rafiki yangu kwa kidole.

"Uliza huyu. Mwalimu nasema nini juu ya ile jaji?"

Nikamgeukia rafiki yangu nikamtafsiria kwa Kiingereza, kwa adabu yote, kana kwamba ni mtihani wa mdomo. Hakumtazama yule mtu. Alinitazama mimi tu, na nikaelewa anachokifikiria: kwamba chochote atakachosema, mimi ndiye nitakayekibeba kwenda upande wa pili, na ninaweza kukigeuza nipendavyo.

"Sikumbuki," alisema kwa Kiingereza.

"Anasema hakumbuki," nikasema.

"Mwambie kama hakumbuki, sisi itamsaidia kukumbuka. Iko na gari hapo nje."

Hilo sikulitafsiri. Baba yake alikuwa ameingia kwenye gari la namna hiyo mwezi huo huo, na mimi nilikula chakula cha baba huyo, kila siku nusu ya kabalagala, kwa miaka miwili. Nilijisikia nikisema, na sauti ikatoka imara kuliko nilivyotarajia:

"Afande, muache huyu. Mwalimu hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema."

"Wewe?"

"Mimi. Mwalimu aliuliza swali. Mimi nikasimama nikajibu kwamba hakimu anaogopa. Aliyekuletea habari amekosea. Amebadilisha mtu."

Alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni utani. Kisha akanitazama vizuri, uso, nywele, pete ndogo niliyopewa na bibi yangu.

"Wewe Mnubi."

"Ndiyo."

"Wewe mtoto yetu."

"Mimi ni mtoto wa fundi wa springi wa Kisenyi, afande."

Alimjua. Niliona kwenye macho yake kwamba alimjua. Nusu ya magari yao yalipita kwenye nyundo ya baba yangu. Hilo halikumpoza, lilimkasirisha. Alinipokonya kitabu mkononi, kile cha Madamu, akakipekua haraka akitafuta sijui nini, labda picha.

"Hii jaji jina yake nani?"

"Hana jina. Ni mtu wa kwenye hadithi."

"Nakaa wapi?"

"Kwenye mji wa kwenye hadithi, afande. Hayupo."

Nyuma ya darasa mtu alikohoa. Nilijua ni kicheko kilichoshikwa.

Akanisukumia karatasi. "Andika. Andika mwalimu alisema wakubwa naogopa. Weka jina."

Nikaandika, kwa Kiswahili ili aweze kusoma. Niliandika kwamba Madamu aliuliza, "Kwa nini hakimu amekasirika?" Niliandika kwamba mimi nilijibu, "Kwa sababu anaogopa." Nikaandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Akaisoma ile karatasi taratibu, midomo ikicheza.

"Hivi vidudu ni nini?"

"Alama za kunukuu. Zinaonyesha neno ni la nani."

"Toa."

"Nikizitoa haitajulikana nani alisema."

Alinipiga kofi. Halikuwa kofi kubwa sana, lakini nilikuwa sijawahi kupigwa na mtu nisiyemjua, na nilishangaa zaidi kuliko nilivyoumia. Sikuzitoa zile alama. Nilisimama na kalamu mkononi nikangoja la pili. Halikuja. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, na ndipo alipomgeukia Madamu kwa mara ya kwanza.

"Wewe mwalimu, nafundisha watoto kuwa na mdomo."

Madamu akamjibu kwa Kiswahili. Hakuna aliyejua kwamba anakijua. Kilikuwa Kiswahili safi, cha mtu aliyewahi kuishi mbali na hapa.

"Mimi ninawafundisha Kiingereza, afande. Mdomo walikuja nao."

Mkuu alifumba macho. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Yule mtu alimtazama Madamu, akanitazama mimi, akatazama saa yake. "Tutaona," akasema, akaondoka na kitabu, na tulisikia visigino vyake vikishuka ngazi zote mpaka gari likawaka.

Madamu alinishika bega, akanirudisha kwenye dawati langu. "Kaa," alisema kwa sauti ya chini. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka.

Habari ilifika Kisenyi kabla yangu. Baba alikuwa amefunga kazi mapema, jambo asilolifanya hata siku ya mvua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ovaroli yake ya grisi bado mwilini. Mama alikuwa nyuma yake na tabaga aliyokuwa akiisuka, ila vidole vyake vilikuwa vimetulia.

"Ni kweli ulisema?" Baba akauliza.

"Nilisema."

"Na ukaandika jina langu?"

"Langu na lako na la babu."

Alijipangusa uso kwa kiganja, akaacha alama nyeusi kwenye paji. "Wewe unajua watu hawa? Mimi nawatengenezea magari. Naona kilichomo kwenye hayo magari wakati wa kuyainua. Unadhani kwa kuwa sisi ni Wanubi hawatugusi?"

Nilimwambia kwamba wangemchukua yule msichana. Nilimwambia ni binti wa nani. Baba alimkumbuka, maana msichana huyo alikuwa ameshafika kwetu Idi moja akala nasi pilau.

"Kesho hutakwenda shule," alisema mwishowe.

"Atakwenda," Mama akasema, na wote wawili tukageuka. Mama hakuwa mtu wa kumpinga Baba mbele yetu. "Asipokwenda watasema amekimbia. Mwenye kukimbia ndiye mwenye kosa. Huyu ana kosa gani? Amejibu swali la mwalimu."

Ijumaa nikaenda. Nilipanda mteremko nikiangalia kila gari lililopungua mwendo. Sikujua kama Madamu atakuwepo. Alikuwepo, mbele ya ubao, amevaa ile nguo yake ya pili, hana chaki hata chembe.

"Nimeagizwa nisiwasomeshe zile kurasa zilizobaki," akatuambia. "Mkuu ni mwajiri wangu na nimemsikia. Fungeni vitabu, virudisheni sandukuni."

Tulivirudisha. Akangoja mpaka kifuniko kikafungwa. Kisha akakaa ukingoni mwa meza na kutusimulia hadithi yote iliyobaki kwa kichwa, kwa Kiingereza chake kile cha neno moja moja: siku tatu za mjane, majirani wanaomletea unga ili aseme anavyotaka hakimu, majirani wengine wanaoacha kumsalimia, na asubuhi ya nne anaporudi mahakamani na kusema maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Mfinyanzi anapoteza kiwanja vilevile. Mwanafunzi mmoja alinung'unika kwamba basi mjane hakusaidia kitu.

"Huo ni mjadala wa wiki ijayo," Madamu akasema. "Atakayeandika kwamba hakusaidia, alete sababu. Atakayeandika kwamba alisaidia, alete sababu pia."

Mkuu alipita dirishani mara mbili. Aliona meza haina kitabu. Alitikisa kichwa, sijui kwa nani, akaendelea na safari yake.

Baada ya kengele rafiki yangu alinisubiri kwenye lango. Nilidhani atanishukuru, na sitaficha kwamba nilikuwa nimeshatayarisha uso wa kupokea shukrani.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini usijione shujaa. Wewe umesema 'mimi' ukapata kofi. Mimi ningesema 'mimi', ningekuwa wapi sasa?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimesimama pale mbele nikiamini ujasiri wangu ndio ulioniokoa, kumbe lilikuwa jina, na uso, na nyundo ya baba yangu.

"Hata hivyo ningesema," nilimwambia mwishowe. "Ningekuwa wewe, ningesema."

"Hujui," akasema. "Hakuna anayejua." Alirekebisha mfuko begani. "Mama yangu anauliza kama baba yako anaweza kusikia chochote. Kule kwenye magari."

Nilimwambia nitamuuliza. Nilimuuliza. Baba aliuliza alikoweza kuuliza, kwa wiki nyingi, kwa hatari yake, na hakuleta jibu. Karani yule hakurudi. Rafiki yangu hakurudi kwenye dawati letu pia, wala sikumwomba. Lakini tulisalimiana tena, na mara moja moja aliniachia hesabu zake nikanakili.

Madamu alifundisha mpaka mwisho wa mwaka, kisha muhula mpya ulipofunguliwa hakuonekana. Ilisemekana alivuka Busia akaenda Kenya. Alivuka kwa miguu yake, na hilo lilinitosha. Miaka michache baadaye, serikali ile ilipoanguka, zamu yetu ya kuvuka ilifika: nyumba za Wanubi Kisenyi zilivunjwa na watu waliokuwa na haki ya kukasirika lakini hawakuuliza nani alifanya nini. Tuliondoka na tulichoweza kubeba. Nimeulizwa mara nyingi, huku na huko, kama nami nilikuwa mmoja wa watu wa serikali ile. Nasimulia wiki hii, na anayetaka kuamini anaamini.

Ila Jumatatu iliyofuata ile wiki naikumbuka kuliko hayo yote. Nilipoamka Baba alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake. Alinisindikiza mteremko mzima mpaka langoni mwa shule, na nilipoingia hakuondoka. Alivuka barabara, akasimama mbele ya duka tupu, mikono nyuma, katika jua, mbele ya wanafunzi, walimu na kila gari lililopita. Wateja wake walikuwa wanamngoja Kisenyi. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili.

Siku ya kwanza nilirudi langoni kumwomba aende.

"Baba, watu wanakutazama."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema, "wanitazame."